Msiulize ni nani alisema, ulizeni ni nini kinafanyika

Vijana wenzetu wa Lubumbashi na wa Kongo nzima,
Wazazi, walimu, wakuu wa shule,

Siku tulipofungua simu ya siri ya wanafunzi, hakuna mtu aliyepiga. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu ikalia. Sauti ya mtoto ikauliza: "Ya, hii simu inaonyesha jina yangu?" Tukasema hapana. Akakata. Kisha dakika kidogo akapiga tena: "Na sauti yangu, inabakia mu mashini?" Tukasema hapana. Akakata tena. Ni mara ya tatu ndipo akasema kile alichokuwa nacho moyoni, haraka haraka, kama mtu anayetupa mzigo barabarani na kukimbia.

Tangu siku ile tulielewa kazi yetu ni nini. Watu wengi wanadhani kushika simu ya namna hii ni kusikia mambo mazito tangu asubuhi mpaka usiku. Hapana. Sehemu kubwa ya kazi ni kungojea mtoto aamini kwamba hatutamuuza.

Leo tunaandika kwa sababu tumeona kitu ambacho hatuwezi kunyamazia. Wanafunzi wa mji huu wanasema. Si kweli kwamba wanaogopa kusema. Wanaogopa kile sisi wakubwa tunafanya kisha wao kusema.

Namna tunavyofanya kazi

Hatuna ofisi kubwa. Tuna chumba kimoja, simu mbili za kubonyeza, na daftari ambamo hatuandiki jina la mtu. Tunapokezana, wawili wawili, tangu saa ya kutoka masomo mpaka saa tatu ya usiku. Hatulipwi. Kura ikikatika tunawasha tochi na tunaendelea.

Kwa nini simu za kubonyeza? Kwa sababu kwenye WhatsApp mtoto anatuonyesha picha yake bila kujua. Na hata kwenye simu ya kawaida, namba yake inaonekana, na kila namba imeandikishwa kwa jina la mtu. Ndiyo maana, kisha mazungumzo, tunafuta namba. Mwenye kupiga tunampa neno moja tu, kama "kikombe" au "dirisha". Akipiga kesho aseme neno lile, tutajua ni yeye na tutaendelea pale tulipoishia.

Shida kubwa ni bipu. Mwanafunzi hana unite, anabipu, anangoja tumpigie. Lakini simu mara nyingi ni ya mama yake, au ya kaka yake mkubwa. Tukipiga kisha saa moja, atakayejibu ni nani? Mara moja alijibu baba mtu: "Weye ni nani unatafutaka mutoto yangu?" Tangu hapo tuna sheria: tunarudisha bipu kisha dakika tatu, si zaidi. Sauti ya mtu mkubwa ikijibu, tunasema: "Samahani papa, tumekosea namba." Tunakata, na hatupigi tena, hata kama roho inauma.

Na kila anayepiga tunamwambia tangu mwanzo: jina lako hatulitaki. Lakini ukituambia kwamba maisha ya mtu iko mu hatari leo hii, yako ao ya mwingine, tutaita mtu mkubwa wa kusaidia. Siri haiwezi kuwa kaburi.

Wanasema nini

Wanasema mambo ambayo ninyi wote mnayajua. Mtoto wa shule ya msingi anayefukuzwa kwa sababu ya pesa, wakati Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, na wakati serikali yenyewe ilitangaza kuanza kuitekeleza Septemba 2019. Mtoto aliyepigwa fimbo mpaka hawezi kukaa. Kijana anayesema wenzake wanaleta visu kwenye mifuko kwa sababu kuna kikundi cha kartiye ingine kinawangojea njiani. Walimu pia wanapiga, ndiyo, walimu wenyewe, kusema juu ya wenzao. Wengine ni wale wanaofundisha miaka bila kulipwa na Leta, na wanaogopa kwamba wakifungua kinywa hawatalipwa kabisa.

Na tena kuna zile point zinazolipwa kwa mwili. Mjini tunaziita kwa mzaha "points sexuellement transmissibles". Tunacheka. Tunazisema kwenye taxi-bus, kwenye harusi, wachekeshaji wanazisema na watu wanapiga makofi. Sisi tunaoshika simu tumeacha kucheka. Jina la mzaha limefanya jambo hili lionekane kama tabia ya mji, kama vumbi ya kiangazi. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inahesabu usumbufu wa kingono kuwa kosa la jinai. Inasema mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Na kwa ubakaji, adhabu inaongezeka kama mkosaji ni mwenye mamlaka juu ya muhanga, mwalimu akiwa ndani.

Kwa hiyo sheria iko. Simu iko. Watoto wanasema. Mbona mambo hayabadiliki?

Tulikosa, na tunasema wazi

Kuna mwanafunzi alitupigia jioni moja. Alisema juu ya mwalimu anayewaita wasichana nyumbani kwake "kuchukua buletini". Alisema kwa utulivu, alikuwa amejitayarisha. Mwishoni akasema: "Munaweza kwenda kuona prefe. Lakini batasema ni miye." Tukamwahidi hawatajua.

Tukaenda. Tulivaa vizuri, tukasalimu, tukakaa pale tulipoonyeshwa. Tukasema: "Mesye prefe, mwanafunzi mmoja wa kike, wa mwaka wa tano wa Elektrisite, ametueleza jambo."

Lile darasa lilikuwa na wasichana watatu.

Hatukulijua hilo. Hatukuuliza. Tulidhani kuficha jina ni kuficha mtu. Kesho yake asubuhi wale wasichana watatu waliitwa ofisini, mmoja mmoja, na mwalimu mwenyewe akiwa amekaa humo ndani. Swali lililoulizwa halikuwa "anawaita nyumbani?" Swali lilikuwa moja: "Ni nani kati yenu alienda kusema?"

Kisha juma moja, mmoja wao hakurudi tena masomo. Habari hiyo tuliipata kwa mwanafunzi mwingine. Hatujui kama huyo ndiye aliyetupigia. Hatukuchukua jina lake, ndiyo ilikuwa ahadi yetu, na kwa ahadi ile ile hatuna njia ya kumtafuta na kumwomba msamaha. Lile neno tulilompa, tunalingoja mpaka leo. Halijasikika.

Dada, kama unasoma hapa: tulikukosea. Si wewe uliyesema vibaya, ni sisi tuliobeba vibaya.

Hatuandiki hii ili tuonekane watu wanyenyekevu. Tunaandika kwa sababu kosa lile lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni yetu: tulitoa alama iliyomtambulisha. Ya pili ni ya wakubwa wa shule: waliposikia kwamba nyumba inawaka, walianza kumtafuta aliyepiga kelele ya moto.

Jina si lazima

Tunajibiwa kila mara: "Bila jina la mwenye kushitaki, tutafanya nini?" Tunajibu: mtafanya mengi, kama mnataka.

Mkisikia kwamba mwalimu anaita wanafunzi nyumbani, hamhitaji jina la mtoto ili kutoa sheria leo hii kwamba hakuna mwalimu anayempa mwanafunzi buletini ao mtihani nje ya shule. Hamhitaji jina ili kuchukua makaratasi ya mitihani ya darasa lote na kumpa mwalimu mwingine asahihishe upya. Hamhitaji jina ili kugawa karatasi nyeupe kwa wanafunzi wote, wavulana na wasichana, kila mmoja aandike kile anachokiona shuleni, na wote waiweke ndani ya sanduku, hata yule ambaye hana cha kusema. Wakiandika wote, hakuna anayeonekana. Hamhitaji jina ili kuwaita wazazi na kuwauliza watoto wao wanarudi saa ngapi.

Kama kuna visu ndani ya mifuko, hamhitaji kujua ni nani aliyesema. Mnahitaji kusimama mlangoni asubuhi, na jioni kuongozana na watoto mpaka barabara kubwa.

Wazo la simu ya siri hatukulizua sisi. Tulijifunza kwa wengine walioumia mbele yetu. Huko Marekani, tarehe 20 Aprili 1999, vijana wawili waliingia na bunduki katika shule yao ya Columbine, jimbo la Colorado, wakaua wanafunzi 12 na mwalimu mmoja. Kisha, mwaka 2002, idara inayomlinda rais wa nchi ile pamoja na wizara ya elimu walichapisha utafiti juu ya mashambulizi ya namna hiyo shuleni. Waliona kwamba karibu mara 8 kati ya 10, kuna angalau mtu mmoja aliyejua mapema kwamba jambo linatayarishwa, na mara nyingi ni mwanafunzi mwenzao. Mwaka 2004 Colorado wakaanzisha Safe2Tell, njia ya kutoa habari bila kutaja jina, na sheria ya jimbo inamlinda yule aliyetoa habari asijulikane.

Shida zao si shida zetu. Lakini somo ni moja: wanafunzi wanajua mbele ya wakubwa. Na tofauti kati yetu na wao haiko kwenye mashini, hata simu ya kubonyeza inatosha. Tofauti ni ile sheria inayomkataza mkubwa kumtafuta aliyesema.

"Munafundisha batoto uchongezi"

Tumeambiwa hivyo na wazazi, hata na watu wa kanisa. Tunawaheshimu, na tunawajibu kwa heshima. Mchongezi anasema ili apate kitu: nafasi, pesa, sifa. Mtoto anayepiga simu bila jina hapati chochote. Hata asante hatuwezi kumpelekea.

Wengine wanasema: "Na uongo je?" Hilo ni swali zuri, na hatulikimbii. Imetokea. Kijana alimshitaki mwalimu wa hesabu jambo baya sana. Tulipomuuliza polepole, lini, wapi, nani alikuwepo, akababaika, akakata. Kisha siku mbili akapiga tena, akasema neno lake la siri, akakiri kwamba alipata sufuri na alikuwa na hasira. Habari ile haikutoka ndani ya chumba chetu. Mwalimu yule hatajua kamwe, na ni vizuri asijue.

Kwa hiyo tuseme wazi, na vijana mtuelewe: simu si hukumu. Simu ni mwanzo wa kuuliza. Ndiyo maana hatuandiki jina la mwalimu kwenye Facebook, hata mkituomba, hata mkituita waoga. Anayetupa jina la mtu mtandaoni kabla ya uchunguzi anaweza kumwangamiza asiye na kosa, na anampa mwenye kosa nafasi ya kujitayarisha. Mtoto anayepiga ana haki ya kusikilizwa. Mwalimu anayetajwa ana haki ya kuchunguzwa vizuri. Haki hizi mbili zinaweza kukaa katika nyumba moja.

Bahasha na mbuzi

Kitu kingine kinachoua hizi simu ni mapatano ya pembeni, ile tunaita "arrangement à l'amiable". Tunapeleka habari, wakubwa wanaitana, familia mbili zinakaa, kunatoka bahasha, wakati mwingine mbuzi, na karatasi inasainiwa kwamba mambo yamekwisha. Mtoto hakuulizwa. Mwalimu anahamishwa shule ingine, ambako kuna watoto wengine.

Tunaelewa umaskini wa wazazi. Baba ambaye hana kazi, ambaye avoka anamwomba pesa na polisi anamwomba pesa ya karatasi na ya usafiri, akiona bahasha anaona njia. Hatumtukani baba huyo. Lakini ajue kwamba sheria haikubali. Sheria namba 06/019 ya Julai 20, 2006 inakataza kesi za jeuri ya kingono kumalizika kwa kulipa faini ya mapatano. Karatasi mliyosaini kwenye saluni haifungi kesi. Na wewe mkuu wa shule uliyekaa katikati kama mpatanishi, ujue ulikaa upande gani.

Kuhusu Leta

Tunajua kuna namba ya bure 122 kwa wahanga wa jeuri. Ni jambo jema, na sisi wenyewe tunawapa wanafunzi namba hiyo. Lakini vijana wengi wakisikia "simu" na "serikali" pamoja, wanakumbuka RAM, zile unite tulizokatwa kila mara bila kujua ni kwa ajili ya nini, mpaka kelele za raia zikaifuta mwaka 2022. Imani haipatikani kwa bango barabarani. Inapatikana pale mtoto wa kwanza anaposema, na hakuna kinachompata, na wa pili anaona.

Sisi si polisi. Si madaktari wa roho. Kuna usiku mmoja wetu anarudi nyumbani na hasemi na mtu, anakaa inje mpaka saa sita. Kazi hii haifai kubebwa na vijana wa kujitolea na daftari moja. Tunaibeba kwa sababu tumeikuta chini.

Tunadai

1. Wizara ya elimu itoe agizo la maandishi kwa shule zote, za serikali, za makanisa na za watu binafsi: ni marufuku kutafuta, kuuliza ao kuadhibu mwanafunzi anayedhaniwa kutoa habari. Mkuu anayefanya hivyo aadhibiwe yeye.

2. Kila habari inayofika ijibiwe kwa siku zinazojulikana. Si lazima kutuambia kila kitu. Mtuambie kwamba mmeangalia na mmefanya nini.

3. Anayetajwa asikae ndani ya chumba ambamo wanafunzi wanaulizwa. Hili halihitaji pesa ya nje wala semina ya hoteli.

4. Wakuu wa shule waache kusimamia mapatano ya pembeni. Kesi za jeuri ya kingono ziende kwa polisi ya kulinda watoto na kwa parke.

5. Simu za wanafunzi zishikwe na watu waliofundishwa, wanaolipwa, wanaosema lugha za hapa. Mtoto wa Katuba ao wa Ruashi hatasema jeraha lake kwa Kifaransa cha kwenye buletini.

Na sisi tunaahidi

Kabla ya kupeleka neno lolote, tunajiuliza sasa: ni watu wangapi wangeweza kusema hivi? Kama ni wachache kuliko darasa zima, hatulisemi. Hatutaji tena kama ni msichana ao mvulana, hatutaji mwaka, hatutaji siku aliyopiga. Na tunamsomea mwenye kupiga maneno yote tutakayopeleka, neno kwa neno. Akisema "hapana, toa hilo," tunalitoa. Akisema "musiende," hatuendi, tunabaki naye kwenye simu mpaka apate njia ingine.

Vijana wenzetu, ninyi pia mna kazi. Kesho shuleni kwenu mtasikia mtu akiuliza, kwa mzaha ao kwa hasira: "Ni nani alienda kusema?" Msijibu swali hilo, na msisaidie kulitafutia jibu. Mrudishieni swali lake: "Kile alichosema, ni kweli?"

Na wewe wa mwaka wa tano, neno lako hatujampa mtu mwingine. Simu iko wazi.